Kuingia dukani na bastola iliyofichwa hapa Texas: mabango ya mlangoni yana nguvu gani, na adabu yake ni ipi?

Mlezi wa Zamu ya Usiku anauliza:

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Mimi ni Mtanzania ninayeishi pembezoni mwa Houston. Nina kadi ya ukaazi wa kudumu, huu ukiwa mwaka wa nne, na kazi yangu ni kuwahudumia wazee katika nyumba ya matunzo, zamu ya usiku. Baada ya mwenzangu wa kazi kuporwa gari alfajiri akiwa kwenye maegesho, mume wangu alinisihi nijifunze kutumia bastola. Nilijifunza, nikainunua kwa njia halali, nikajaza fomu ya serikali na kujibu kila swali kwa ukweli, na tangu hapo huivaa kiunoni upande wa kulia, ikiwa ndani ya ala yake na kufunikwa na blauzi. Leseni ya kuibeba sikuichukua, kwa sababu niliambiwa kwamba Texas haiidai tena.

Jumamosi iliyopita nilipotoka kazini nilipitia supamaketi moja kununua mchele na maziwa. Mchele ulikuwa kwenye rafu ya chini kabisa, na nilipoinama kuunyanyua mfuko blauzi ilipanda, bibi mmoja aliyekuwa nyuma yangu akaiona bastola. Hakupiga kelele, ila aliondoka upesi, na muda si mrefu akaja msimamizi wa duka, akaniambia kwa sauti ya chini na kwa heshima kwamba duka lao haliruhusu silaha na kwamba ananiomba nitoke nayo. Nilimwomba radhi, nikaliacha toroli palepale, nikatoka, wala sikurudi, kwa kuwa mikono ilikuwa inanitetemeka. Nilipozunguka jengo na gari niliona kwamba mlango wa upande wa pili, ule wa kwenye duka la dawa, ulikuwa na bango kubwa kuhusu bastola, lakini kwenye mlango nilioingilia mimi sikuliona bango lolote.

Tangu siku hiyo sijatulia. Je, nilikuwa nimekwisha kutenda kosa la jinai kabla hata ya kuambiwa? Neno la msimamizi lina uzito wa sheria, au ni ombi tu la mwenye duka? Mwakani natarajia kuomba uraia, na ninaogopa kwamba jambo la dakika tano linaweza kunivurugia safari ya miaka mingi. Nimefikiri pia kuihamishia bastola kwenye mkoba, ambako hata nikiinama haitaonekana. Naomba mwenye kujua anijibu.

Mkufunzi wa Dallas anajibu:

Dada yangu, pole kwa mshtuko huo, na nakupongeza kwa jinsi ulivyotoka bila kubishana, kwa sababu kisheria hilo ndilo lililokuweka salama. Mimi hufundisha darasa la leseni ya kubeba bastola, na wanafunzi wangu wengi ni watu wa kwetu, Wakenya, Watanzania na Wakongo. Mabango ya mlangoni ndiyo wanayoyaelewa vibaya kuliko somo lingine lolote.

Ulichoambiwa kuhusu leseni ni kweli. Gavana Greg Abbott alitia saini sheria hiyo mwezi Juni 2021, ikaanza kutumika tarehe 1 Septemba mwaka huohuo, nayo inamruhusu mtu mwenye umri wa miaka 21 au zaidi, asiyezuiwa na sheria nyingine yoyote, kubeba bastola bila leseni. Sheria hiyo haikumnyang'anya mwenye duka mamlaka juu ya duka lake. Kanuni ya Adhabu ya Texas ina vifungu vitatu vinavyomlinda. Kifungu cha 30.05 ni kile cha kuingia kwa jinai katika mali ya mtu, nacho ndicho kinachokuhusu wewe usiye na leseni. Kifungu cha 30.06 kinamhusu mwenye leseni aliyeificha bastola yake, na cha 30.07 kinamhusu mwenye leseni anayeibeba waziwazi. Ndiyo maana milango mingine imebandikwa mabango matatu: mwenye duka asiyetaka bastola ya mtu yeyote anahitaji yote matatu, na lile la 30.05 likiwa peke yake halimfungi mwenye leseni.

Si kila karatasi iliyochorwa bastola yenye mstari mwekundu inatosha. Bango la sheria lina maneno yake maalumu, huandikwa kwa Kiingereza na Kihispania, kwa rangi zinazotofautiana vizuri na herufi kubwa zisizopungua kimo cha inchi moja, na huwekwa mahali ambapo kila mtu ataliona. Kwa bango la 30.05 sheria inataja kila mlango wa kuingilia. Kwa hiyo, ikiwa kweli mlango ulioingilia haukuwa na bango, unayo hoja nzuri kwamba hukuwa umepewa taarifa. Lakini hoja ya namna hiyo humfaa wakili mbele ya hakimu, haifai hata kidogo kutumiwa katikati ya rafu za mchele kumjibu msimamizi.

Msimamizi alipofungua kinywa, habari ya bango ilikwisha. Neno la mdomo kutoka kwa mwenye duka au mtu mwenye mamlaka dukani ni taarifa kamili. Mtu aliyepuuza bango pekee anakabiliwa na kosa la daraja C, ambalo adhabu yake ni faini isiyozidi dola 200. Mtu aliyeambiwa kwa mdomo aondoke na akakaidi anaingia daraja A, yaani kifungo cha hadi mwaka mmoja na faini ya hadi dola 4,000. Mimi huwaambia wanafunzi kwamba kati ya makosa haya mawili kuna hatua chache tu za kuelekea mlangoni, nawe ulizitembea.

Kuhusu blauzi, kupanda bila wewe kukusudia si jinai. Kinachokatazwa ni kuionyesha bastola hadharani kwa makusudi ikiwa haimo kwenye ala, na liko pia kosa la kuionyesha kwa namna iliyokusudiwa kuwatia watu hofu. Wewe uliinama kuchukua mchele. Hata hivyo, jifunze kuchuchumaa kwa magoti badala ya kuinama kwa kiuno, na uvae nguo ndefu kidogo nyuma.

Sasa suala la mkoba, na hapa naomba unisikilize kwa makini. Tarehe 30 Desemba 2014, katika duka la Walmart la mji wa Hayden, Idaho, mama mmoja mwenye leseni alikuwa akinunua vitu pamoja na watoto. Bastola yake ilikuwa kwenye mkoba, tena mkoba ulioshonwa maalumu na mfuko wenye zipu wa kuwekea silaha, na mkoba wenyewe ulikuwa ndani ya toroli karibu na mwanawe wa miaka miwili. Mtoto aliifikia, ikafyatuka, mama akafa palepale dukani. Mama huyo hakuwa mzembe wa kupindukia. Alifanya jambo ambalo maelfu hulifanya kila siku. Mkoba huwekwa kwenye toroli, husahauliwa kwenye kiti cha mgahawa, hukwapuliwa na mwizi mbio, na ndani yake kuna funguo, kalamu na vipodozi vinavyoweza kuingia kwenye kifyatulio. Silaha ikae mwilini mwako, kwenye ala ngumu inayokifunika kifyatulio chote. Ikiwa siku hiyo nguo haikuruhusu kuivaa hivyo, iache nyumbani imefungiwa.

Ningekushauri pia uchukue leseni ingawa hulazimiki. Darasa ni la saa nne hadi sita, kuna mtihani na kulenga shabaha, utachukuliwa alama za vidole, na ada ya serikali ni dola 40. Faida moja ambayo watu hawaijui inatoka kwenye sheria ya taifa zima, ile inayokataza kuwa na bunduki au bastola ndani ya futi 1,000 kutoka shuleni, yaani takriban mita 300. Aliyepewa leseni na jimbo husika amesamehewa katazo hilo, ilhali anayebeba bila leseni hakusamehewa. Hebu fikiri ni barabara ngapi za kuendea supamaketi mjini kwako zinapita ndani ya umbali huo.

Kwa ufupi, yako pia maeneo ambayo hayamtegemei mwenye duka. Baa inayopata asilimia 51 au zaidi ya mapato yake kwa pombe inayonywewa hapohapo huweka bango lenye tarakimu nyekundu 51, na kuingia na bastola humo ni kosa zito. Ofisi ya posta ni mali ya serikali kuu na kanuni zake zinakataza silaha, hata kwenye maegesho yake.

Msimamizi wa Rafu, Arlington, anajibu:

Nimefanya kazi katika maduka makubwa ya vyakula kwa miaka tisa, na mara kadhaa mimi ndiye niliyetumwa kumwendea mteja na kumwambia maneno uliyoambiwa wewe. Nataka ujue kwamba anayekuja kukuambia huwa anaogopa kuliko wewe. Hajui wewe ni nani, hajui utajibu nini, na katika fikra zake kuna El Paso. Tarehe 3 Agosti 2019 mtu mwenye bunduki aliingia katika duka la Walmart la mji huo akawapiga risasi watu waliokuwa wakinunua vifaa vya shule vya watoto wao, na waliokufa kwa mashambulizi hayo walifikia 23. Sisi tunaofanya kazi hizi hatukuisahau asubuhi ile, tena ilikuwa Jumamosi kama hiyo yako.

Mwezi mmoja baadaye, tarehe 3 Septemba 2019, Walmart iliwaomba wateja wake wasiingie tena na silaha zilizo wazi hata katika majimbo yanayoruhusu, na Kroger na makampuni mengine yakafuata. Angalia kwamba lilikuwa ombi kuhusu silaha zinazoonekana. Wenye leseni waliozificha hawakuguswa. Kampuni ya H-E-B ya hapa Texas nayo haitaki bastola za wazi. Costco imekwenda mbali zaidi na haitaki silaha za wanachama kabisa, isipokuwa za maofisa wa usalama. Kwa hiyo usidhani kwamba ukishajua kanuni ya duka moja umezijua zote. Kanuni nyingi huwa kwenye tovuti ya kampuni, na dakika mbili za kusoma ukiwa nyumbani zitakuepusha na fedheha ya kufuatwa kati ya watu.

Kuhusu adabu, nitasema yale ninayoyaona. Mtu anayebeba kwa mara ya kwanza hujitambulisha mwenyewe kwa mkono: kila baada ya dakika moja anagusa kiuno kuhakikisha kwamba ipo. Mlinzi yeyote mwenye uzoefu ataitambua ishara hiyo kutoka mbali, na mwizi pia ataitambua. Ala ikiwa nzuri na mkanda ukiwa mgumu, hakuna haja ya kuigusa tangu unapotoka nyumbani hadi unaporudi.

Choo ndicho mahali pa hatari kuliko pengine pote dukani, nami nalisema bila aibu kwa sababu nimekuta bastola iliyosahauliwa juu ya tangi la maji, saa mbili usiku, katika choo ambacho watoto huingia. Mwenyewe alirudi baada ya nusu saa akiwa amepauka. Usiitoe kwenye ala, usiitundike kwenye ndoano ya mlango, usiiweke sakafuni ambako wa chumba cha pili anaiona. Ibaki ndani ya ala na ala ibaki kwenye mkanda, hata suruali inaposhuka. Kwenye chumba cha kujaribia nguo ni hivyohivyo, na kwa maoni yangu siku ya kununua nguo ni siku ya kutokwenda nayo.

Jambo la mwisho ni wizi. Wateja wenye silaha wakati mwingine hudhani kwamba wanatusaidia. Mwezi Oktoba 2015, huko Auburn Hills, Michigan, mwanamke mmoja mwenye leseni aliwaona wezi wakikimbia na bidhaa za duka la vifaa vya ujenzi, akalipiga risasi gari lao kwenye maegesho yaliyokuwa na watu. Kwa bahati hakuna aliyejeruhiwa. Mahakama ilimpa miezi 18 ya uangalizi na leseni yake ikaondoka.  Sisi wenyewe tumekatazwa kumkimbiza mwizi, seuze mteja kumpiga risasi.

Mkalimani wa Mahakama anajibu:

Mwanangu, nimekaa nchi hii kwa miaka 26 na nimetafsiri mahakamani kwa watu wetu wengi. Mimi si wakili, na nitakalosema lipeleke kwa wakili wa uhamiaji kabla ya kulitegemea. Lakini nimesoma majibu ya waliotangulia na nimeona kwamba wamezungumza nawe kana kwamba wewe ni raia. Wewe bado si raia.

Kwanza, niwaonye wasomaji wengine ambao hali zao si kama yako. Sheria ya serikali kuu inamkataza mtu aliyeko nchini bila kibali kuwa na silaha au hata risasi moja, na inamkataza vilevile aliye na viza ya muda, kama vile mwanafunzi, mtalii au mfanyakazi wa mkataba, isipokuwa kwa nafuu chache, kwa mfano aliye na leseni halali ya uwindaji. Adhabu yake inaweza kufika miaka 15. Uhuru wa Texas wa kubeba bila leseni haumsaidii mtu huyo hata kidogo. Kijana wa chuo anayeshikishwa bastola ya rafiki yake ili apige picha tu anacheza na jambo ambalo halielewi. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu kama wewe anaruhusiwa kununua na kumiliki.

Pili, na hili ndilo lako. Sheria ya uhamiaji inasema kwamba mtu asiye raia akitiwa hatiani kwa kununua, kuuza, kutumia, kumiliki au kubeba silaha ya moto kinyume cha sheria yoyote, anaweza kuondoshwa nchini. Zingatia maneno hayo: haisemi lazima liwe kosa kubwa, wala haisemi lazima kuwe na mtu aliyeumia. Jirani yako raia akitiwa hatiani kwa kosa la bastola la daraja A, atalipa, pengine atakaa jela kidogo, na maisha yataendelea. Kwako wewe hukumu hiyohiyo inaweza kufungua jalada la pili mbele ya hakimu wa uhamiaji, ambako hakuna wakili wa kulipiwa na serikali. Ikiwa kosa fulani la kuingia dukani linahesabika humo au la, hiyo ni kazi ya wakili kuipima, kifungu kwa kifungu.

Nimewatafsiria watu waliokubali hatia haraka ili warudi kazini kesho yake, wakidhani kwamba faini ikishalipwa mambo yamekwisha. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 2010, katika shauri la Padilla dhidi ya Kentucky, kwamba wakili wa utetezi ana wajibu wa kumweleza mteja wake asiye raia kuhusu hatari ya kuondoshwa nchini kabla hajakubali hatia. Kwa hiyo, ikitokea umefika huko, jambo la kwanza la kumwambia wakili ni kwamba wewe si raia, na usitie saini karatasi yoyote kabla hajakueleza matokeo yake ya uhamiaji.

Kwa tukio la Jumamosi, kwa jinsi ulivyolieleza, hukukamatwa, hukuandikiwa hati ya faini, polisi hakuja. Fomu ya kuomba uraia inauliza kuhusu kukamatwa, kuandikiwa hati na kushtakiwa, na mambo hayo hayakutokea; inauliza pia kama umewahi kutenda kosa bila kukamatwa, na jibu la swali hilo lipime na wakili. Lakini andika sasa, kwenye daftari lako, tarehe, saa, mlango ulioingilia na maneno uliyoambiwa, kwa sababu kumbukumbu hufifia. Ushauri wangu mwingine hautampendeza mkufunzi: mpaka utakapokula kiapo cha uraia, bastola ibaki nyumbani kila unapokwenda mahali pengine mbali na njia ya kazini. Mchele unaweza kuununua bila silaha.

Mkufunzi wa Dallas anajibu tena:

Namheshimu mzee na sitabishana naye kuhusu uhamiaji, maana alichosema ni kweli na sikukitaja. Tunatofautiana mahali pamoja tu. Hatari ya dada huyu kuporwa iko katika yale maegesho ya alfajiri, na akitoka pale huenda dukani moja kwa moja; bastola inayovuliwa na kuvaliwa mara tatu kwa siku hufyatuka kwa bahati mbaya kuliko inayokaa kwenye ala. Kwa hiyo ningependelea achague maduka yasiyokataza na achukue leseni, badala ya kuishika mkononi kila anapobadilisha mahali.

Dereva wa Minnesota anajibu:

Mimi huendesha lori, naishi Minneapolis, na napenda kuongeza kwamba mambo yote mliyosema kuhusu mabango ni ya Texas. Ukivuka mpaka, yafute kichwani. Kwetu Minnesota kubeba kunahitaji kibali, na mtu aliyeambiwa aondoke dukani akakataa hutozwa faini isiyozidi dola 25 kwa kosa la kwanza. Ohio iliacha kudai leseni tangu Juni 2022, lakini bango la mlangoni lina nguvu ya sheria. Illinois haitambui leseni ya jimbo lingine lolote, kwa hiyo dada akienda kumwona nduguye Chicago asithubutu kuingia nayo dukani. Na baada ya uamuzi wa Mahakama Kuu wa Juni 2022 kuhusu New York, uliotambua haki ya kubeba bastola hadharani, majimbo kama Hawaii na California yalijaribu kuigeuza kanuni yenyewe, kwamba duka likikaa kimya maana yake ni hapana, na jambo hilo likafikishwa mahakamani. Texas duka likikaa kimya maana yake ni ndiyo. Tofauti hiyo peke yake inatosha kumponza msafiri.

Lakini kilichonifanya niandike ni polisi, kwa kuwa sisi ni watu weusi na nimeona kwamba hakuna aliyelisema. Tarehe 6 Julai 2016, kilomita chache kutoka ninapoishi, Philando Castile, mfanyakazi wa jiko la shule, alisimamishwa barabarani. Alikuwa na kibali. Alimwambia ofisa kwa upole kwamba ana silaha, kama tunavyofundishwa, na sekunde chache baadaye akapigwa risasi akiwa amefunga mkanda wa gari. Ofisa yule aliachiwa huru na baraza la mahakama mwaka uliofuata. Huko Hoover, Alabama, usiku wa tarehe 22 Novemba 2018, risasi zililia ndani ya jengo la maduka. Kijana mweusi wa miaka 21 aliyekuwa akibeba kihalali alichomoa bastola yake, polisi wakamdhania kuwa ndiye mshambuliaji, wakamwua. Nakubali kwamba yapo matukio ya kinyume. Huko Greenwood, Indiana, tarehe 17 Julai 2022, kijana wa miaka 22 alimzuia muuaji kwa risasi ndani ya sekunde chache, katika jengo ambalo kanuni zake zilikataza silaha, na waliookolewa pale wana haki ya kumshukuru. Hata hivyo mimi najua polisi akiingia dukani ananiona nani kwanza.

Kwa hiyo, dada, kukiwa na vurugu dukani wewe kimbia na watu, usiichomoe isipokuwa kifo kiko mbele yako na njia ya kutoka haipo. Ukisimamishwa na polisi, mikono iwe juu ya usukani, taa ya ndani iwake, na useme kwanza kwamba unaomba maelekezo kabla ya kusogeza mkono. Hapo Texas mwenye leseni akitakiwa kitambulisho na ofisa huku amebeba bastola anapaswa kuonyesha leseni zote mbili, ya udereva na ya silaha, kwa hiyo ziweke mahali pasipokaribiana na ala.

Mlezi wa Zamu ya Usiku anajibu:

Shikamoo mzee mkalimani, na ahsanteni sana nyote. Nimekwisha kuandika kwenye daftari kama nilivyoelekezwa, na nimepata miadi na wakili wa uhamiaji Alhamisi. Mkoba nimeuondoa kabisa katika mawazo yangu. Habari ya yule mama wa Idaho sikulala nayo vizuri. Lililobaki ni hili: kazini kwangu nyumba ya matunzo haitaki silaha ndani, nami kwa miezi yote hii nimekuwa nikiivua ndani ya gari kwenye maegesho na kuiweka chini ya kiti. Je, nafanya sawa?

Mkufunzi wa Dallas anajibu:

Kuiacha garini ni sawa, chini ya kiti si sawa. Nyumba za matunzo na hospitali zimo katika orodha ya mahali palipokatazwa na sheria ya Texas isipokuwa kwa idhini ya maandishi ya uongozi, kwa hiyo usivuke nayo mlango hata siku moja. Tangu Septemba 2011 sheria ya kazi inamzuia mwajiri wa kawaida kumkataza mfanyakazi kuacha silaha anayoimiliki kihalali ndani ya gari lake lililofungwa kwenye maegesho, ingawa wapo waajiri waliotengwa, kama vile shule, hivyo muulize wakili siku hiyo ya Alhamisi. Nunua sanduku dogo la chuma lenye kufuli na waya wa kulifungia kwenye mguu wa kiti, maana bastola nyingi zinazoibwa huibwa kwenye magari. Usiitoe bastola kwenye ala unapoivua. Toa ala pamoja na bastola ndani yake, uingize vyote kwenye sanduku. Na ufanye hivyo kabla ya kufika, mahali tulivu, usiyafanye mbele ya mlango wa kazi huku watu wakipita, kwa sababu anayekuona umeinama garini na bastola mkononi hajui kwamba unaiweka.